Mwiko wa Magofuni

Kijana wa chuoni alinifuata barazani baada ya sala ya alasiri, kashika kipande cha ukuta kwa mikono miwili kama mtu aliyetumwa kupeleka futari kwa jirani. Kilikuwa kipande cha lipu ya saruji, unene wake vidole viwili, na kwa nyuma kimeng'oka pamoja na uso wa jiwe: jiwe la tumbawe, jeupe, lenye vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki.

"Kimeanguka chenyewe, mwalimu. Wallahi hatukukigusa."

Nilimwamini, maana kipande kile nakijua. Nilikuwapo siku kilipopigwa. Mifuko ya saruji tuliipeleka magofuni kwa gari la ng'ombe, mimi na wenzangu wa jumuiya, na tulipomaliza kuulipu ukuta wa kibla wa msikiti wa kale tukaomba dua na kula wali. Tuliondoka pale tukiamini tumewastiri wazee wetu. Kumbe tumewabomolea.

Nimekaa na kipande hiki mezani kwangu kwa muda mrefu kabla ya kuandika. Naandika sasa kwa sababu ziko jumuiya nyingi kama yetu, Pemba na Unguja, zenye watu wa nia njema na mifuko michache ya saruji, na zina kuta ambazo hazijaharibika bado.

Jumuiya yetu ni ndogo. Ina katiba ya kurasa chache, muhuri, cheti cha usajili cha Mrajis kilichotundikwa ukutani kwa katibu, na daftari. Iko kaskazini mwa Pemba, Wilaya ya Micheweni. Kijiji sikitaji kwa jina. Wazee hawajakubaliana kama wanataka wageni, nami siwezi kuwatangulia katika hilo. Fedha tunazitoa kwenye karafuu: msimu ukija, kila mwenye mikarafuu hutoa pishi moja kavu, zikauzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na kinachopatikana kikaingia sandukuni. Mikarafuu ikigoma kuzaa, jumuiya nayo hulala njaa. Katika katiba tumeandika kwamba kazi yetu ni "kuhifadhi urithi wa asili na wa utamaduni wa kijiji". Maneno hayo niliyaandika mimi. Niliyaweka pamoja kwa sababu nilidhani ni kitu kimoja: msitu na msikiti, popo na makaburi, vyote viko mahali pamoja, basi atakayelinda kimoja kalinda vyote. Chokaa ndiyo iliyonionyesha kwamba viwili hivi vinaweza kugombana, na kwamba ugomvi wao ndio kazi yenyewe ya jumuiya.

Kwanza nikupeleke magofuni. Unapita mihogo, unapita minazi, kisha ghafla kiza kinakufunika. Mivule iko pale, na mikungu, na mikuyu iliyojikunja juu ya mawe mpaka hujui mzizi uko wapi na ukuta uko wapi. Katikati umesimama ukuta wa kibla wa msikiti wa kale, na mihrabu yake nusu. Kuzunguka pana makaburi yaliyojengewa, hayana majina. Sisi huita mahali pale "kwa wenyewe". Ukiingia unavua viatu. Hupigi mluzi. Hukati kuni, hata kijiti cha mswaki. Embe likianguka unaruhusiwa kulila palepale, lakini hulibebi. Bibi yangu alinifundisha hayo kabla sijajua kusoma, na hakunipa sababu hata moja. Alisema tu: ni mwiko.

Na juu, kwenye matawi, wananing'inia popo. Si hawa popo wadogo wa darini. Ni popo wa Pemba, wakubwa, manyoya mekundu, mabawa yakikunjuliwa hufika mita moja na nusu hivi kutoka ncha hadi ncha. Hawapatikani penginepo duniani ila kisiwani kwetu. Waliwindwa kwa bunduki, wakaliwa, na miti yao ikakatwa, mpaka mwaka 1996 wakaandikwa katika orodha ya kimataifa ya wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Vijiji vikaanza kuunda vikundi vya kuwalinda, Kidike kikiwa ndicho kinachojulikana zaidi, na idadi ikapanda tena hadi kufikia maelfu mengi; mwaka 2008 walishushwa hadi daraja la hatari iliyo ndogo kuliko ile ya kwanza. Jambo ninalotaka ulishike hapa ni kwamba wakati ule mbaya, popo walikimbilia wapi? Walikimbilia makaburini na mizimuni, kwenye vichaka ambavyo hakuna aliyethubutu kuingia na shoka. Waliokolewa na miko ya mabibi kabla ya vikundi kuzaliwa.

Popo nao hulipa. Tunda la mkuyu au la mvule analila huku, mbegu anaiangusha kule, na shamba lililoachwa likianza kurudi kuwa msitu ni kwa sababu yake. Wenye mashelisheli na maembe wana maneno mengine juu yake, na siwalaumu. Mtu aliyeamka akakuta shelisheli zake zimetafunwa hana moyo wa kusikiliza habari za mbegu.

Turudi ukutani.

Kipande kile cha lipu nilikipeleka kwa fundi mzee wa kijiji cha jirani, mtu aliyejenga kwa mawe na chokaa tangu ujana wake na ambaye sasa hatoki sana. Alikigeuza mara moja tu.

"Ukuta wa kale hunywa maji kutoka chini," alisema, "na huyatoa kwa uso wake. Nyinyi mmeuziba mdomo."

Akanieleza taratibu, kama anavyoeleza mtu anayejua kwamba msikilizaji ana hatia. Jiwe la matumbawe lina vitundu, chokaa nayo ni laini. Maji ya masika yanaingia, jua na upepo vinayatoa, hapana kinachodhurika. Saruji haipitishi. Maji yanabaki nyuma yake, na hapa kwetu maji hayaji peke yake, yana chumvi ya bahari ndani yake. Chumvi ikikauka inakuwa chembe, chembe zinavimba, zinasukuma, na jiwe linageuka unga polepole mahali ambapo hakuna anayeona. Kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, siku inapoanguka haianguki peke yake. Inaondoka na uso wa jiwe.

"Sasa tufanyeje, babu?"

"Chomeni chokaa."

Aliyasema kama mtu anayesema kanunueni sukari. Na hapo ndipo jumuiya yetu ilipopata mkutano mrefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo.

Chokaa ni mawe yaliyochomwa. Ili upate chokaa unahitaji mawe mengi ya matumbawe, na ili uyachome unahitaji kuni nyingi mno, moto mkali wa mchana na usiku. Mawe hutoka mwambani au ardhini. Kuni hutoka mitini. Kwa hiyo sisi jumuiya ya kulinda mwamba na miti, tukitaka kuuponya msikiti, tulitakiwa tuanze kwa kuvunja na kukata. Nilipolisema hilo chini ya mwembe, watu walinyamaza kidogo, halafu wote wakasema kwa pamoja.

Kijana mmoja, hodari, mwenye haraka ya kheri, alitaka twende tukavunje mawe baharini maji yakitoka. Alikuwa na hoja: mihrabu yetu ni ya jiwe la baharini, wazee walilikata likiwa hai na bichi, laini kiasi cha kuchongwa nakshi, likakauka likawa gumu. Kwa nini wao waliweza na sisi tusiweze? Akasimama mama mmoja anayechokoa pweza, ambaye hasemi mikutanoni.

"Pale magofuni hakai mtu," alisema. "Kule mwambani anakaa anayenisomeshea watoto. Mkimvunjia nyumba yake mkajenge ya nani?"

Akakaa. Habari ya mwamba iliishia hapo, na mpaka leo naona yale maneno mawili matatu yana uzito kuliko katiba yetu yote.

Wa pili akasema kuni ziwe mikandaa, yaani mikoko, kwa kuwa mikandaa moto wake hauna mfano. Ni kweli. Lakini mikandaa haikatwi bila ya kibali, sheria ya misitu ya mwaka 1996 iko wazi, na zaidi ya sheria ni kwamba ile mikandaa ya hori letu tumeipanda sisi wenyewe, wanaume kwa wanawake, tukizama matopeni hadi magotini. Waliopanda walikuwa wamekaa palepale mkutanoni. Hakuna aliyesubiri kura.

Wa tatu akaja na jambo ambalo mimi mwenyewe, nakiri, liliniingia akilini: ndani ya magofuni kuna mvule ulioanguka kwa upepo miaka iliyopita. Umekufa. Umekauka. Unatosha tanuu zima. Kwa nini usichomwe kuutengeneza msikiti uleule uliokuwa ukiutilia kivuli? Watu wote wakageuka kumtazama mzee mkubwa wa ukoo unaotunza makaburi. Alikaa kimya muda mrefu akichora chini kwa bakora.

"Kilichoanguka kwa wenyewe ni cha wenyewe," alisema.

Nilikasirika siku ile. Niliona ni ukaidi wa kizee. Baadaye, nikitembea na watoto kuhesabu popo asubuhi, niliukalia ule mvule, nikaona jinsi ulivyojaa uyoga na wadudu na miche ya mikuyu iliyoota ndani ya ubovu wake. Gogo lililokufa lilikuwa na maisha kuliko lililo hai. Mzee hakusema neno juu ya uyoga wala wadudu, na huenda hakuwafikiria. Lakini mwiko wake uliwafikiria.

Tulichokubaliana mwisho ni hiki. Mawe tutayanunua kwa akina mama wanaopasua kokoto upande wa maweni, ambako ardhi yenyewe ni jiwe la bahari ya zamani iliyojitenga na maji; tumbawe la nchi kavu, halina pweza. Kuni zitakuwa minazi mikongwe iliyoacha kuzaa, na kila mnazi unaoangushwa, mwenye shamba anapanda mche mbele ya macho yetu. Mawe yaliyoanguka magofuni yasiguswe wala kuchomwa hata moja, kwa sababu jiwe lililoanguka kutoka ukutani bado ni ukuta.

Ikabaki ruhusa. Gofu la kale halitengenezwi kwa kuamua tu. Linasimamiwa kisheria, na sisi mara ya kwanza tulikimbilia saruji bila kumuuliza yeyote. Mara hii tuliandika barua kwa Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, tukasubiri, akaja mtaalamu. Alitukataza kubandua kwa nyundo saruji iliyobaki, jambo ambalo tungelifanya kesho yake, kwa kuwa ingeondoka na mawe yote. Tuanze na upande mmoja mdogo, alisema, tuutazame masika moja, ndipo tuendelee.

Na ikabaki pahala pa tanuu. Hapa nawasifu watoto wa skuli, kwa sababu wao ndio waliouliza: moshi utakwenda wapi? Popo hawapendi moshi. Ukiwasumbua mchana wanahama, na wakihama hawarudi kwa kuombwa. Tungechoma wakati wa kaskazi, moshi ungesukumwa kusini. Tulichagua kusi, kipupwe, kabla ya mvua za vuli, tukalijenga tanuu upande wa kaskazini wa magofu, mbali, ili moshi uende zake baharini. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona pepo za wavuvi zikitumika kulinda popo.

Fundi aliletwa na punda, akaketishwa kwenye kiti chini ya mnazi, akaongoza kwa fimbo. Magogo yalilazwa duara, vichwa vikitazama kati, safu juu ya safu, na katikati pakaachwa tundu la kutilia moto. Mawe yakapangwa juu, makubwa kati, madogo pembeni. Alirudisha mawe mengi. Moja lilikuwa na udongo, jingine lilikuwa zito mno, jingine aliligonga akasema halina sauti. Vijana walianza kwa kucheka na wakamaliza wakigonga mawe wenyewe na kuyasikiliza. Moto uliwashwa baada ya isha. Usiku ule watu hawakulala. Tanuu lilinguruma kama bahari ya nje ya mwamba, na alfajiri mawe yalikuwa yamewiva, meupe, mepesi mkononi kama mkate. Hayo ni baada ya siku za kupoa, lakini nakumbuka kama alfajiri ile ile.

Mimi kazi yangu ilikuwa daftari. Nilimfuata fundi nikiandika maneno. Kutomea, ambako ni kujaza vijiwe na udongo katika nafasi baina ya mawe makubwa ili ukuta ushikane. Vijana wa leo walikuwa hawalijui. Timazi, uzi wenye uzito wa kupimia unyoofu wa ukuta. Sakafu, ambayo kwake yeye si kitu cha chini tu, ni dari lote la mawe na chokaa, lililopigwa kwa fimbo siku nyingi huku watu wakiimba ili chokaa ikae sawa. Akaniomba nimpe mwiko wake. Nikasita, sikujua anataka nini. Alikuwa anataka ile pawa ndogo ya chuma ya kutilia chokaa, ile aliyokuja nayo imefungwa kitambaani, mpini wake umelika kwa kiganja chake.

Nimesema Kiswahili maisha yangu yote na sikuwahi kuyaweka maneno hayo mawili karibu. Mwiko wa bibi uliozuia shoka, na mwiko wa fundi unaoziba ufa. Tulipopeleka saruji magofuni tulikuwa na chombo cha pili na tumesahau lile neno la kwanza. Hatukuuliza ni nini hakifanywi. Tuliuliza tu kitu gani kinaweza kufanywa kwa fedha tulizo nazo.

Yako mambo hatujayamaliza. Kwenye shina la mkuyu mmoja watu hufunga vitambaa na kufukiza ubani, na hilo limetugawa. Maimamu wetu wanasema si dini, na wana haki ya kusema. Wazee wa ukoo wanasema ni adabu kwa waliotangulia. Jumuiya haikutoa hukumu. Iliandika katika daftari nani hufanya nini na kwa nini, kwa maneno ya wenyewe, na pande zote mbili zikasaini kwamba yaliyoandikwa ni kweli. Sijui kazi nyingine tuliyoifanya iliyonipa usingizi mzuri kama ile.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka Mji Mkongwe na watu wawili wakapoteza maisha, simu zetu zilijaa picha na vilio, hata huku Micheweni. Nililia pia. Lile ni jumba la sultani la mwaka 1883, na Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Lakini tangu siku ile kila masika nasikiliza. Pemba imejaa kuta. Ras Mkumbuu, Pujini kwa mtawala wa zamani Mkama Ndume, Chwaka karibu na Tumbe, Mtambwe Mkuu. Hizo zina majina, wachimbaji wamefika, zimeandikwa. Pale Chwaka waligundua kwamba watu wa zamani waliishi katika nyumba za udongo na miti, na mawe wakayaweka kwenye misikiti na makaburi. Waliweka kilicho imara mahali pa sala na pa maiti, wao wakalala kwenye kinachobomoka. Kuta za vijiji visivyo na jina, kama kile cha kwetu, ndizo hizohizo, na zikianguka usiku wa mvua hakuna anayepiga picha. Anakuja mtoto mmoja na kipande mkononi.

Chokaa yetu sasa imo shimoni. Ilimwagiwa maji, ikachemka, ikatoa mvuke, ikatulia, na fundi amesema iachwe miezi ilainike, kwa sababu chokaa ya haraka hupasuka ukutani kama saruji tu. Tumelifunika shimo kwa makuti na mawe manne. Kila Ijumaa, akitoka msikitini, fundi hupita na punda wake, hufunua kona moja, hutia kijiti ndani, hukitazama na kukipangusa kwa kidole gumba.

"Bado," husema, na hufunika tena.